Tluway: Jina la Mvua

Ndugu msikilizaji, na sasa ndugu msomaji, wale wanaofuatilia vipindi vya salamu wanajua kwamba kadi zinazotoka Mbulu na Hanang humtoa jasho mtangazaji. Kadi ya Tanga au ya Kilosa unaisoma huku unakunywa chai. Lakini kadi ya Dongobesh, ya Haydom, ya Bassotu au ya Katesh hapana budi uiweke kwanza mezani, uitazame vizuri, ujaribu majina yake kimoyomoyo, ndipo ufungue kipaza sauti. Humo utakutana na Lohay, Qwaray, Hhando na Gidamis. Na mara kwa mara utakutana na Tluway.

Jina hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulizungumze juma hili. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, maana yake iko wazi kwa kila anayesema Kiiraqw, wala haihitaji kubahatisha. Pili, ni jina ambalo baadhi ya wazazi wa leo wanaliacha, na wanaliacha bila kujua wanachokiacha.

Tluway, kwa Kiiraqw, ni mvua. Si mvua ya mafumbo, wala si mungu wa mvua, wala si shujaa fulani wa zamani aliyeitwa hivyo. Ni mvua hii hii inayonyesha, inayolowesha nguo zilizoanikwa na kuotesha mahindi. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati inanyesha, au wakati watu waliokuwa wakiingoja kwa hofu wameipata, aliitwa Tluway.

Tuanze na matamshi, maana huko ndiko tunakoharibu. Hiyo "tl" ya mwanzo si "t" ikifuatiwa na "l" kama tunavyozijua katika Kiswahili. Ni sauti moja. Ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu kana kwamba unataka kusema "t", kisha pumzi hutoka kwa nguvu pembeni mwa ulimi, kama mtu anayepasua kitu kidogo kinywani. Wasandawe na Wahadzabe, ambao ni majirani wa Wairaqw, nao wanazo sauti za jamaa hiyo. Sisi wengine tuliokulia katika lugha za Kibantu hatunazo, na ndiyo maana jina hili tunalipasua katikati na kulitia irabu lisiyokuwa nayo. Utasikia Tuluway, utasikia Taluwai, na nimewahi kusikia Turuwei.

Kiiraqw, kama wengi wenu mnavyofahamu, ni lugha ya Kikushi. Ndugu zake wa karibu ni Kigorowa cha upande wa Babati, pamoja na Kialagwa na Kiburunge vya upande wa Kondoa na Chemba. Ndugu wa mbali wako Ethiopia, Somalia na kaskazini mwa Kenya. Hapo hapo Mbulu na Hanang, Wairaqw wamepakana na Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti, ndugu ya Kikalenjin cha Kenya. Wanyiramba na Wanyaturu, ambao ni Wabantu, wako upande wa Singida. Kwa hiyo, katika eneo ambalo mtu hodari anaweza kulikata kwa miguu kwa siku chache, zinakutana lugha ambazo asili zake ni mbali mbali kabisa. Wataalamu wa lugha hutoka Ulaya kuja kulitazama jambo hilo, na sisi tunalipita kila siku ndani ya basi tukiwa tumesinzia.

Sasa turudi kwenye jina. Kwa Wairaqw wa zamani, mtoto mara nyingi alipewa jina kutokana na saa, hali au tukio la kuzaliwa kwake. Lohay ni jina linalotokana na loohi, yaani njia: mama alishikwa na uchungu akiwa safarini. Ndugu yake Lohay kwa Kiswahili ni Safari, jina ambalo nalo limeenea sana Mbulu. Qwaray linatokana na neno la njaa: mtoto alikuja wakati ghala ni tupu. Na Tluway, kama nilivyosema, alikuja na mvua.

Mtu wa mjini akisikia hivyo anaweza kucheka akasema, kumbe walikuwa wanaokota tu jina lililo karibu. La hasha. Hebu fikiri kidogo. Watu hawa hawakuwa na kalenda ya ukutani wala cheti cha kuzaliwa. Namna gani ungejua fulani ana umri gani? Ungejua kwa jina. Ukiwa na Qwaray na Tluway katika boma moja, wazee wanakumbuka njaa ile, na wanakumbuka mvua ile iliyoikata njaa, na wanajua nani kamtangulia nani. Jina lilikuwa tarehe. Na lilikuwa tarehe yenye habari ndani yake, jambo ambalo tarehe zetu za leo hazina. Ukiniambia kwamba fulani alizaliwa tarehe 14 mwezi wa 12, sijui chochote kuhusu siku hiyo. Ukiniambia anaitwa Tluway, najua kwamba paa lilikuwa linapigwa na matone, na kwamba mtu mmoja pale ndani aliona ni jambo la kukumbukwa.

Zipo mvua ambazo nchi nzima inazikumbuka. Mwishoni mwa 1961, mwaka wa Uhuru wetu, baada ya kipindi cha ukame, zilinyesha mvua kubwa Afrika Mashariki nzima, maziwa yakafurika, na Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili katika miaka iliyofuata. Miaka ya 1973 hadi 1975 ikawa ya ukame na upungufu wa chakula. Mwaka 1997 kuingia 1998 ikaja El Niño, madaraja yakachukuliwa na maji. Mimi nikikutana na Tluway mwenye mvi, swali langu la kwanza siku hizi ni hili: mvua ipi? Na aghalabu wazee wanajua jibu. Mzee mmoja niliyezungumza naye Dongobesh siku ya mnada alinieleza kwamba hajui tarehe yake ya kuzaliwa. Ile iliyoko katika kitambulisho aliandikiwa tu na karani, lakini mvua yake anaijua vizuri kwa kusimuliwa na mama yake: ilianza jioni, ikanyesha usiku kucha, na kulipokucha korongo lilikuwa halivukiki, hata mkunga akalazimika kulala hapo hapo siku mbili. Niambie, ndugu msomaji, ni cheti gani cha kuzaliwa chenye habari kama hizo?

Kwa nini mvua ipewe heshima hiyo? Anayeijua Mbulu hataniuliza. Nyanda za juu zile ni nchi ya wakulima hodari, watu wanaolima mlimani, wanaoweka matuta kuzuia udongo, wanaobeba samadi ya ng'ombe hadi shambani. Mahindi, maharage, ngano, vitunguu saumu, vyote vinategemea mvua inayoanza mwishoni mwa mwaka na kwenda hadi mwezi wa 5. Ikichelewa, kila kitu kinachelewa, pamoja na mahari na ada za shule. Ukishuka upande wa Hanang, kwa mfugaji, mambo ni yale yale: mvua ndiyo majani, majani ndiyo maziwa, na maziwa ndiyo mtoto.

Wairaqw wanayo maombi ya jadi yanayoitwa slufay. Mzee huyatamka kwa ufundi mkubwa mbele ya watu waliokusanyika, nao humwitikia. Huombewa amani, huombewa uzazi wa watu na mifugo, na huombewa mvua. Mungu, katika imani yao ya asili, huitwa Lo'a, na neno hilo hilo ndilo jina la jua. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Lo'a huyo anafikiriwa kuwa wa kike, mwenye huruma kama mama. Wapo pia neetlaamee, pepo wa majini, ambao ni wa kuogopwa. Basi ukimpa mtoto jina la Tluway katika nchi yenye fikra kama hizo, unatoa tarehe, na papo hapo unatoa shukrani.

Na Wadatoga je? Hanang ni kwao, na haingekuwa haki kuwapita. Kwanza niseme kwamba hao ndio wengi wenu mliozoea kuwaita Mang'ati. Jina hilo hawakujiita wenyewe. Limetoka kwa Wamasai, na maana yake ni adui. Mtu akikuita adui kwa miaka mingi, na serikali ikaandika, na shule ikafundisha, unaweza kudhani ndilo jina. Wao ni Wadatoga, na kundi lao kubwa la Hanang ni Wabarbaig.

Majina mengi ya wanaume wa Kidatoga huanza na Gida, na ya wanawake huanza na Uda. Kwa hiyo ukisikia tu mwanzo wa jina umeshajua kama ni wa kiume au wa kike. Dunia ya michezo ilijifunza jambo hilo bila kujijua mwaka 1978 huko Edmonton, Kanada, wakati Gidamis Shahanga, kijana wa Hanang, aliposhinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 1982 huko Brisbane, Australia, akashinda tena, safari hii mita 10,000. Watangazaji wa Kiingereza walilitamka jina lake kila mmoja kwa namna yake, lakini medali ikabaki ile ile.

Wadatoga wana desturi nyingine inayoonyesha uzito wa jina. Mwanamke akiolewa, hatamki jina la baba mkwe wake wala la wakwe wengine wakubwa. Si jina tu. Hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo huyaepuka, akatumia maneno mengine badala yake. Chukua mfano wa Kiswahili: kama mkwe angeitwa Mvua, mke wa mwanawe asingesema mvua inanyesha. Angetafuta neno jingine la mvua, na pengine angeacha hata neno linalofanana nalo kwa sauti. Kwa sababu hiyo wanawake wa Kidatoga wana hazina ya maneno ya badala, na mama mwenye wakwe wengi ni lazima awe na kumbukumbu kali. Msomi wa lugha Alice Mitchell ameichunguza desturi hiyo na kuiandikia kwa kirefu. Mimi ninachokiona hapo ni hiki: kwa watu hawa jina halining'inii tu juu ya mtu kama kibandiko. Limeshikana naye, na ukiligusa umemgusa mwenyewe.

Sasa nitoke kidogo nje ya Manyara, kwa sababu Tluway ana ndugu wengi kuliko anavyofikiri. Nenda Usukumani: mvua ni mbula, na kijana anaitwa Mabula. Nenda mkoa wa Mara: utakutana na Wambura. Vuka mpaka uingie kwa Waluhya wa magharibi mwa Kenya: mwanamume ni Wafula, mwanamke ni Nafula. Kwa Wajaluo mvua ni koth, na watoto wake ni Okoth na Akoth. Kwa Wakalenjin, wale ndugu wa Wadatoga, utamkuta Kiprop, na dada yake ni Cherop. Panda kaskazini kwa Waborana na Waoromo, utamkuta Roba. Fika kwa Wasomali, utamkuta Roble. Wote hao, ndugu msomaji, ni Mvua. Wabantu, Waniloti na Wakushi, ambao lugha zao hazisikilizani hata kidogo, walimtazama mtoto aliyezaliwa chini ya mawingu wakafikia neno moja. Siku Tluway wa Mbulu atakapokutana na Okoth wa Kisumu na Mabula wa Shinyanga katika basi moja, wanaweza kuitana wajina.

Kama jina hili ni zuri kiasi hicho, limepatwa na nini? Limepatwa na kalamu. Wamisionari walipokuja, mtoto alibatizwa, akapewa jina la dini, na Tluway akasogezwa nyuma akawa jina la pili au la tatu. Baadaye likageuka kuwa jina la baba au la ukoo, likarithiwa na watoto ambao hawakuzaliwa mvuani. Hospitali nazo zikaja. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianza mwaka 1955, na pamoja na dawa ilileta kadi yenye tarehe. Sisemi vibaya juu ya hospitali; imeokoa maisha ya watu wengi mno. Nasema tu kwamba kadi ilichukua kazi moja iliyokuwa ya jina. Tarehe ikahamia kwenye karatasi, na wazazi wakaona jina halina kazi tena isipokuwa kuita.

Kisha ikaja taabu ya herufi. Kiswahili hakitumii q wala x, na hakina hh wala tl. Kiiraqw kinazihitaji zote. Karani wa tarafa, mwalimu wa darasa la kwanza na mpiga chapa kila mmoja aliandika alivyosikia. Tazama jina la yule mwanariadha wa Mbulu, John Stephen Akhwari, ambaye tarehe 20 Oktoba 1968 huko Mexico alimaliza marathoni ya Olimpiki akichechemea, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Ni mmoja wa Watanzania wanaofahamika sana duniani. Hata hivyo vitabu vingine humwandika Akhwari na vingine Akwari. Ikiwa hilo linampata mtu mashuhuri, mtoto wa kijijini atapona vipi?

Nilipata barua ya mama mmoja wa Hanang. Mwanawe ana cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa Tluway, cheti cha shule kilichoandikwa Tlway, na kitambulisho kilichoandikwa Tuluway. Kila ofisi inamwambia kwamba hawa ni watu watatu. Ameshakwenda kwa wakili, ameshaapa, amelipia muhuri, na bado anaambiwa arudi wiki ijayo. Mama anauliza kama si afadhali jina hilo liondolewe kabisa, kijana abaki na majina mawili mepesi, na wajukuu wasiandikwe kamwe.

Mama yangu, nilikujibu kwa barua na sasa nakujibu hadharani, maana najua si wewe peke yako. Usiliondoe. Kosa si la jina. Jina lilikuwepo kabla ya ofisi hiyo, na lina herufi zake zinazojulikana. Kiiraqw kina kamusi, iliyotolewa mwaka 2002 na Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling. Na mmoja wa watunzi hao, Martha Qorro, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, analiandika jina lake kwa q bila kuomba radhi. Shika namna moja ya kuandika, ile iliyo sahihi, na rekebisha karatasi zote zifuate hiyo. Ni kazi ya mwaka mmoja. Kulifuta jina ni kazi ya milele, maana mjukuu wako hatakuwa na pa kuliokota.

Nijibu pia hoja ya wale wanaosema kwamba mvua siyo neema siku zote, kwa hiyo jina si la kujivunia. Ni kweli. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang, ule wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, vikafunika nyumba za Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Aliyeuona mji ule baada ya hapo hatalisikia neno mvua kwa sikio la zamani. Lakini majina ya kwetu hayakuwa ya sherehe peke yake. Wazee wale wale waliomwita mtoto Tluway ndio waliomwita mwingine Qwaray, Njaa. Hawakuficha. Walitaka mtoto akue akijua amekuja katika dunia ya namna gani, na kwamba alikuja hata hivyo, na akaishi. Bila shaka mwezi ule, katika wilaya ile, walizaliwa watoto. Sijui waliitwa nani. Natumaini angalau mmoja wao amepewa jina litakalomfanya aulize, atakapofika miaka kumi, kwa nini anaitwa hivyo, ili bibi yake amketishe na kumsimulia habari za tope, za waliokufa, na za majirani waliochimba kwa mikono.

Basi nina maombi machache. Wazazi wa Mbulu na Hanang, mnapokwenda kuandikisha mtoto, nendeni na jina lake limeandikwa kwenye karatasi, msimwachie karani akisie. Walimu, ulizeni kabla ya kusahihisha. Mtoto akisema "tl", huenda si yeye aliyekosea. Makarani, q na x zipo kwenye mashine zenu, zitumieni. Na vijana wenye mababu wanaoitwa Tluway, nendeni mkawaulize mvua ipi, wangali hai. Ukishajua, liandike jibu nyuma ya picha yake.

Nasi watangazaji tutajifunza kulitamka. Mimi mwenyewe nimekuwa nikilifanyia mazoezi, ulimi juu, pumzi pembeni, na mafundi mitambo wetu wamenizoea. Wasukuma wa hapa kazini wananiambia Mabula ni rahisi zaidi. Nawajibu kwamba mvua haichagui paa.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.